Mkanda wa Wifi

Karakana, 6 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Salamu kutoka kwa kila aliye chini ya paa hili. Kaka yako mzima, ila amenunua viatu vya kazini namba ndogo na hataki kukiri, kwa hiyo anatembea kama mtu anayepita juu ya misumari huku akisema vinalegea taratibu. Mama yenu bado yupo hapa kwetu kwa matibabu ya macho. Daktari amemkataza kusoma mpaka dawa ya matone iishe, basi kazi ya kumsomea imeniangukia mimi: magazeti, matangazo ya vifo, hata maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Barua zako pia nitamsomea mimi, kwa hiyo andika ukijua.

Nije kwenye jambo lenyewe. Unajua miaka yote hii karakana yetu imekuwa ikishona mabegi ya wapanda milima kwa mgongo mmoja. Sikutanii. Ni mgongo wa mlinzi wetu wa stoo, jitu refu kama mlango, ambaye bosi alimsimamisha siku moja akampima, na tangu hapo kila begi linalotoka hapa limekatwa kumfuata yeye. La wanawake tunalo pia: ni lile lile la mlinzi wa stoo, limepunguzwa kidogo, likashonwa kwa kitambaa cha zambarau na kutariziwa ua mfukoni.

Wiki iliyopita walikuja wanawake wa klabu moja ya matembezi. Mmoja wao, mwalimu wa hesabu, alimwomba bosi radhi, akashusha kola ya blauzi na kumwonyesha bega. Lilikuwa limechubuka kama limeburuzwa ukutani. Bosi akatazama dari. Walipoondoka akaniita.

"Wewe ndiye mwanamke pekee hapa anayekata," akasema.

"Ndiyo."

"Basi kata."

Nimepewa mpaka maonyesho ya mwezi wa nane, wakija wenye maduka kuagiza. Nikishindwa, ua la zambarau linaendelea. Wifi, mimi nakata vitambaa, sijui mlima. Wewe unaongoza wageni mlimani kila wiki, na una wenzako. Nakutumia begi la kwanza. Livae, ulipandishe, kisha unitukane. Nipimieni na migongo yenu, kuanzia mfupa wa shingo mpaka juu ya nyonga, na mzunguko wa nyonga zenyewe.

Wako,
Wifi mkata vitambaa


Kambi ya chini, 27 Februari

Wifi,

Salamu tumepokea, na begi tumepokea. Huku ni ukungu mtupu lakini wageni hawajakatika. Mume wangu anakusalimu kutoka jikoni, angetoka aje aandike mwenyewe ila ana sufuria la wageni kumi motoni. Simu usinilaumu. Mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu, nyuma ya choo, na foleni yake ni ya wapagazi wote wenye wachumba. Barua hii itashuka na gari la mboga.

Uliomba nikutukane. Kaa chini.

Mikanda ya mabegani inashuka moja kwa moja kana kwamba haijaambiwa kuna matiti njiani. Nikiyaweka ndani yanabanwa, nikiyaweka nje mikanda inanichimba kwapani. Mfuniko wa juu unagonga nywele. Sisi tuliosuka tukafunga kisogoni tunatembea tumeinamisha vichwa kama watu waliofumaniwa. Mkanda wa kiunoni umekaa tumboni. Mzigo unatakiwa ukalie mifupa ya nyonga, wifi, ndiyo inayobeba. Tumbo halibebi kitu isipokuwa chakula.

Nimewapa wenzangu wawili nao wajaribu. Mmoja tunamwita Honi, kwa sababu akiita mgeni kambi ya chini hata wa kambi ya juu huitika. Mwingine ni Sindano, ambaye akikupa ubavu humwoni. Wote wawili wamesema hivyo hivyo, Honi kwa maneno ambayo Mama hawezi kusomewa.

Na kuna jambo ambalo hakuna fundi wa begi aliyewahi kutuuliza. Mwanamke akiingia siku zake njiani, pedi ziko chini kabisa ya begi. Anasimama kando ya njia, wanaume wanane wanamtazama, anatoa sweta, anatoa sufuria, anatoa taulo, anatandaza kama muuza mitumba. Tushonee mfuko wa pembeni ambao mkono unaufikia bila kuvua begi wala kumweleza mtu.

Vipimo vyetu watatu viko nyuma ya karatasi. Lakini mambo mengine hayapimiki, njoo ujionee. Nitakupeleka hadi kileleni mimi mwenyewe.

Mimi mzima, ila mpishi huyu niliyeolewa naye amebadilisha mafuta. Siku hizi nikisikia yai linakaangwa natoka nje. Nimemwambia achague, mafuta au mimi.

Wifi yako wa mlimani


Karakana, 24 Machi

Wifi yangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Viatu vya kaka yako amepewa mlinzi wa stoo, havikumwingia hata kidole gumba, sasa vimewekwa mlango usijifunge.

Barua yako nilimsomea Mama yote, hata ya Honi nilimkisia. Alicheka mpaka akafuta matone ya dawa. Nilipofika kwenye mayai akaniambia nirudie hapo. Nikarudia. Akasema, "Endelea."

Sasa sikia. Mikanda ya mabegani nimeikata upya, imepinda kama herufi S, inaanza karibu na shingo, inakwepa titi kwa nje, kisha inarudi ubavuni. Mfuniko nimeushusha na kuuchimba katikati, kisogo kiwe na mahali pa kukaa. Mkanda wa kiunoni nimeulaza kufuata mteremko wa nyonga, maana zetu si mabomba. Na mfuko wenu upo, upande wa kulia, zipu yake haina sauti.

Bosi aliuona. "Mfuko huu wa nini?"

"Wa vitu vya wanawake."

"Vitu gani?"

Nikamwambia. Akasema mfuko uko mahali pazuri sana, akaenda kunywa maji. Tangu hapo hajauliza kuhusu mfuko wowote.

La kwanza nilimvisha Mama, maana ndiye nyonga iliyokuwa karibu. Nikalijaza unga na mchele. Alizunguka sebule mchana kutwa na akakataa kulivua. Jirani akaingia kuazima ungo, akamkuta amesimama dirishani na begi mgongoni.

"Bibi, unasafiri?"

"Nimeshafika," akamjibu.

Kuhusu kuja huko, ningependa sana. Lakini mashine ya kushonea sponji imekorofisha, na Mama hawezi kuachwa, na kaka yako bila mimi atakula mkate mkavu wiki nzima. Nitakuja siku nyingine. Nakutumia mabegi matatu, moja kwa kila mgongo.

Wifi yako


Kambi ya chini, 2 Mei

Wifi,

Nisamehe kwa kimya. Mvua ilikata barabara, gari la mboga halikupanda, tukala maharage mpaka tukayapa majina. Sasa njia imefunguka.

Habari njema kwanza. Honi amepanda na begi lako mpaka kileleni na kurudi mara mbili, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema neno. Nikadhani anaumwa. Akasema, "Sina la kusema." Sindano ameniomba nikubusu kwa niaba ya mfuko. Wageni wawili wanawake walituuliza tumeyanunua wapi, tukawaambia hayajazaliwa.

Kuanzia hapa soma kimoyomoyo, Mama asisikie.

Mkanda wa kiunoni. Kwa Honi sawa. Kwa Sindano sawa. Kwangu haufungi. Vifungo viwili vinatazamana kama watu waliogombana, hakuna anayetaka kumfuata mwenzake. Nimejipima tena, namba mpya ziko nyuma ya karatasi hii. Kata kufuata hizo na usiniulize maswali.

Siku hizi sipandi hadi juu. Nipo hapa chini nawafundisha wasichana wapya wa kuongoza wageni, nawatembeza njia ya msituni asubuhi na kurudi. Wanahitaji mtu mzima wa kuwasimamia. Ni hilo tu. Ukimwambia Mama kwamba sipandi atakodi gari aje, na hapa hatuna kitanda cha ziada.

Wewe je, mashine ya sponji imepona? Nakuuliza kwa sababu Honi anataka kukuona. Nimemwambia wifi yangu ana kazi nyingi. Akasema, "Kazi gani hiyo isiyoisha?" Nakuletea swali hilo kama lilivyo.

Wifi yako wa mlimani


Karakana, 17 Mei

Wifi,

"Soma kimoyomoyo, Mama asisikie." Wifi yangu, Mama ana macho mapya. Matone yamekwisha, anasoma mwenyewe, na barua yako aliifungua kabla sijarudi kazini. Nilimkuta ameikunja vizuri, ameiweka chini ya kikombe changu. Nilipomuuliza kama ana wasiwasi akaniuliza kama nina njaa.

Basi niongee mimi. Namba zako hazilingani. Za Februari na za Mei si za mtu mmoja. Nilidhani nimekosea, nikafumua mikanda mitatu, nikapima karatasi zangu za kukatia, nikapima hata tepu yenyewe kwa tepu ya jirani. Mimi sijakosea. Na mtu hanenepi kiunoni peke yake huku anatembea milimani na kula maharage. Kaka yako anasema ni mapishi ya shemeji. Mimi sicheki. Kama kuna kitu kimevimba, kama unaumwa, niambie. Hapa kuna hospitali, na kitanda cha ziada kipo.

Nilimpelekea bosi tatizo. "Mtu mmoja mwili wake umekataa vipimo," nikamwambia.

"Basi mbadilishe huyo mtu. Wapimaji wako tele."

"Ni wifi yangu. Siwezi kumbadilisha."

"Basi muda unakwisha," akasema, na kweli unakwisha. Lile la zambarau limeshatolewa stoo, linapigwa vumbi.

Nililala nikiliwaza jambo hilo, nikaamka na wazo. Kwa nini mkanda uwe na kipimo kimoja, wakati hata mimi asubuhi na jioni siko sawa? Nimeukata vipande viwili, kama mabawa. Kila bawa linaingia nyuma ya sponji ya mgongo na kushikwa na ule utepe wa kunata unaochanika kwa kelele. Ukitaka upana unavuta bawa nje, ukitaka wembamba unalisukuma ndani, na unaweza kuliinamisha lipite chini ya tumbo au juu yake. Sijui kama litakufaa kwa sababu sijui una nini. Lijaribu. Kisha uniambie.

Wifi yako anayekuwazia

(Na huku chini, kwa herufi kubwa za wino mwekundu:)

Naongeza maneno yangu, huyu ameenda kazini, ameniachia barua niitie kwenye bahasha. Mwanangu, mashine ya sponji haijawahi kuharibika. Wifi yako anaogopa. Nguo za juu ya paa naanua mimi, yeye akifika ngazi ya tatu anakumbatia ukuta. Anashona mabegi ya mlima na hajawahi kukanyaga hata kichuguu. Wewe endelea kumwita, atakuja. Na wewe vaa soksi, usinyanyue kitu kizito, na hayo mayai yatakurudia baadaye. Sijamwambia mtu. Mama.


Kambi ya chini, 5 Juni

Wifi yangu, wifi yangu,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye wino mwekundu nikakaa. Mume wangu alitoka jikoni akanikuta nacheka na machozi yanadondoka, akaninyang'anya karatasi, akasoma, akakaa na yeye.

Siumwi, wifi. Nina mimba, na imeshapita mahali ambapo zile mbili hazikufika.

Unajua kwa nini nilinyamaza. Mara ya kwanza tuliwaambia wote, na mara ya pili tuliwaambia wote. Wewe ulishona kile kiblanketi cha kijani. Kilichoniuma zaidi hata kuliko hospitali ni kukuona umekikunja taratibu, ukakirudisha kabatini, ukidhani sikuoni. Safari hii nikasema nitabeba peke yangu, mimi na mpishi wangu, ili kitu kikianguka kisianguke juu ya watu wengi. Nilimsahau Mama. Yeye hahitaji kuambiwa, anasoma barua kwa pua.

Nesi wa zahanati ananiangalia kila gari la mboga linaposhuka. Amesema kutembea ni kuzuri, njia ya tambarare, mzigo mwepesi wa maji na sweta, lakini kupanda mlima mwiko. Ndiyo maana nipo na wasichana msituni. Na hao wasichana wananihitaji kweli, hilo sikudanganya.

Sasa mabawa yako. Niliyavuta, nikayainamisha yakapita chini ya tumbo, nikafunga. Klik. Wale wawili waliogombana wamepatana. Nilitembea njia yote ya msituni mgongo umenyooka. Sindano, ambaye mifupa yake huwa inagongwa na kila mkanda duniani, ameyasukuma ndani hadi mwisho na ameganda nayo kwa raha. Wifi, hukukata mkanda wa mjamzito. Umekata mkanda wa mtu yeyote mwenye mwili unaobadilika, na hao ni akina nani kama si sisi.

Lakini kuna kitu kimoja siwezi kukufanyia. Mimi sipandi kileleni mwaka huu, na begi lazima mtu alibebe hadi juu akiwa anajua kila mshono wake ulivyo. Honi anajua kulalamika, hajui kwa nini. Njoo wewe. Ndiyo, nimeambiwa kuhusu ngazi ya tatu. Siwezi kukucheka, nilishacheka siku nzima, nimemaliza.

Wifi yako, na mwenzangu wa humu ndani


Karakana, 21 Juni

Wifi yangu, mama wa mtu,

Nilipomaliza kusoma nilishona mkanda wa bega juu ya mkanda mwingine, nikapita na sindano mpaka mwisho bila kuona. Ilibidi niufumue. Jioni nikaingia jikoni, Mama alikuwa anachambua mchele. Tukatazamana. Akasogea kwenye benchi, nikakaa, tukauchambua ule mchele mara mbili bila sababu. Kaka yako akauliza kuna nini, Mama akamwambia kuna mawe. Basi ni lazima umwandikie mwenyewe, maana anatuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kiblanketi sitakigusa mpaka uniambie. Hilo tu nitasema.

Bosi nilimweleza mabawa ni ya nini. Alifikiri, akauliza, "Mjamzito anafanya nini mlimani?"

"Kazi," nikamjibu.

Akayavuta yale mabawa ndani na nje, ndani na nje, akafurahia ile kelele ya kuchanika kama mtoto. Mwisho akasema wenye maduka watauliza swali moja tu: nani amelifikisha juu. Nikasema mimi nitalifikisha. Wifi, sijui lile neno lilitoka kinywani mwa nani. Nilitazama nyuma nione kama kuna mtu mwingine.

Basi nakuja. Mama anasema niwaambie kwamba ananiombea, lakini pia amehama chumba, amelala kwenye kitanda changu kujaribu kama kinamfaa.

Wifi yako, kwa sasa bado yuko chini


Kambi ya juu, 12 Julai

Wifi,

Nakuandikia nimekaa juu ya jiwe, na jiwe liko juu ya kila kitu ninachokijua. Mwandiko utausamehe, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Mpagazi mmoja anashuka sasa hivi, nitampa karatasi hii, sisi tunapumzika kwanza miguu.

Tumefika kileleni asubuhi hii. Niliandike tena, nilione mwenyewe: tumefika.

Jana ulipotuaga nilikasirishwa na jinsi ulivyotabasamu. Msituni nilikwenda vizuri, miti inaficha mambo. Ukungu ulipofunguka nikaona tulikotoka, nikashika begi la Sindano. Hata hivyo nikafanya ulivyoniambia, nikalegeza mikanda ya mabegani, nikakaza mabawa. Na hapo mzigo ukahama. Wifi, nimeuchora ule mkanda, nimeukata, nimeufumua, na sikuwa nimeuelewa. Ulitoka mabegani ukashuka ukakaa nyongani kama mgeni aliyeonyeshwa kiti. Nilisimama njiani nikacheka peke yangu. Sindano akaniuliza kama nina kizunguzungu.

Kizunguzungu kilikuja leo, pale kwenye ukingo wa mawe wenye bonde huku na bonde huku. Nikakaa chini na begi langu mgongoni nikasema nyinyi nendeni, mimi nitaishi hapa. Sindano akaanza kunibembeleza. Honi hakunibembeleza. Alisimama mbele yangu, akanigeuzia mgongo, akasema, "Fundi, begi langu linalia."

"Linalia vipi?"

"Nikikanyaga mguu wa kushoto. Sikiliza."

Alikanyaga hatua moja. Sikusikia kitu. "Tembea tena," nikasema. Akatembea, nami nikainuka kumfuata, sikio karibu na bega lake, nikishika bawa la kushoto. Nikamwambia aende polepole. Nikajaribu kusogeza sponji, nikakaza utepe, nikalegeza, nikainamisha. Nilikuwa nasikiliza kwa makini kiasi kwamba hata upepo niliuambia unyamaze. Nilipoinua kichwa, ukingo wote ulikuwa nyuma yetu.

"Bado linalia?" nikauliza.

"Sasa halilii tena," akasema Honi, na hakugeuka, lakini niliona mabega yake yanatikisika.

Kileleni hatukukaa sana. Walinipiga picha, nimefumba macho. Nitakueleza mengine nikifika. Nakuja.

Wifi yako, yuko juu


Kambi ya chini, 12 Julai

Wifi,

Barua yako imefika kabla yako, na huyu mpagazi anapanda tena kupeleka mkate, kwa hiyo pokea jibu. Nimemsomea wa humu ndani sehemu ya Honi, akapiga teke. Shukeni taratibu, pinda magoti, usimkimbize mtu. Begi la Honi halijawahi kulia, nililikagua mwenyewe. Maji yako ya kuoga yapo jikoni na mpishi amekatazwa kuyagusa.

Mimi


Karakana, 29 Agosti

Wifi yangu,

Miguu ilinirudia baada ya wiki. Mpaka hapo nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume, Mama akinisimulia kwa wageni.

Maonyesho yamekwisha. Bosi alitaka nisimame mbele nieleze, nikakataa, kisha nikasimama. Niliwaambia tu jinsi mtu anavyotandaza vitu vyake njiani mbele ya wanaume wanane. Wanawake wakaanza kucheka wao kwa wao, kile kicheko cha watu walioshikwa pabaya na wakafurahi. Yule mwalimu wa hesabu alikuwepo. Alilivaa, akazunguka meza zote, akaja kunishika mkono. Maduka saba yameagiza. Bosi amemwita mlinzi wa stoo mbele ya wafanyakazi wote, akamshukuru rasmi kwa huduma ya mgongo wake, na mlinzi akainama kama amestaafu jeshi.

Sasa nimepewa meza kubwa na wasichana wawili wa kukata. Nawafundisha kuanza na swali kabla ya mkasi.

Kaka yako aliisoma barua yako mara tatu. Usiku alipaka rangi kitanda kidogo ambacho hajaniambia alikitoa wapi. Mama anafunga mizigo, anakuja kwako mwezi ujao. Msimkatalie, tayari ameaga mtaa mzima.

Wifi yako


Zahanati, 19 Oktoba

Wifi,

Wa kike. Mzima, mnene, ana hasira. Ananyonya sasa hivi, naandika kwa mkono mmoja juu ya goti la Mama.

Mpishi wangu anasimama mlangoni, anaingia, anatoka, anasahau alichofuata. Honi alikuja kumwona, akasema kitu kwa kunong'ona. Sikujua anaweza.

Lete kiblanketi.

Mimi


Kambi ya chini, 24 Januari

Wifi yangu,

Tangu mlipoondoka nyumba imekuwa kubwa. Kaka yangu mwambie kitanda kimekaa vizuri, ingawa mguu mmoja ni mfupi na mpishi ameukingia kipande cha ubao. Mtoto ana shavu moja jekundu la kulalia upande mmoja. Mama amekataa kurudi, anasema hewa ya huku inamfaa macho. Anawagombeza wapagazi wote, na wote wanampenda.

Nimeanza kutembea. Nesi ameruhusu njia ya msituni, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, mtoto abaki na bibi yake. Jana ilikuwa siku ya tatu. Nilikuwa nimekaa kwenye gogo pale daraja dogo, napumzika, wakapita wanawake wawili wanaoshuka kutoka juu. Sijawahi kuwaona, si wa klabu, si wa kampuni yoyote ninayoijua. Walikuwa wanabishana kuhusu mtu fulani aliyemwacha mwingine kwenye harusi, walikuwa wamezama kabisa. Yule wa nyuma alikuwa amebeba begi lako.

Wifi, nilitazama kama mwizi. Niliona mikanda imepinda inavyotakiwa, niliona nywele zake zimekaa kwenye lile shimo la mfuniko. Alikuwa amevuta bawa la kulia zaidi kuliko la kushoto, sijui kwa nini, yeye anajua. Katikati ya maneno alitelezesha mkono kwenye mfuko wa pembeni, akatoa kitambaa, akapangusa jasho, akakirudisha, na hakukata hata sentensi moja. Walitoka kileleni, wifi, kushuka kule kunakoua mabega, na alikuwa anatembea kama anayekwenda dukani.

Sikuweza kunyamaza. Nikawasalimia, wakaitika. Nikamuuliza, "Dada, hilo begi lako vipi?"

Alisimama. Alinitazama kwanza mimi, kisha akageuza shingo, akaangalia nyuma ya bega lake kama mtu aliyeambiwa kuna kitu kimemfuata.

"Begi gani?" akauliza.

Wifi yako